PATRICE LUMUMBA NA DENI LA AHADI

Katika mwezi wa Mei mwaka 1960 wananchi wa Kongo, jirani zetu wa magharibi, waliitwa kwa mara ya kwanza kuchagua Bunge la nchi yao nzima. Uhuru ulikwisha kuwekewa tarehe, nayo ni 30 Juni ya mwaka huo huo, kwa hiyo wagombea walikuwa na haraka na wapigaji kura walikuwa na hamu. Vyama vilikuwa vingi kupita kiasi, na kila chama kilikuwa na ahadi zake. Watu waliahidiwa kazi kwa kila asiyekuwa na kazi, shule bila ada, matibabu bila malipo na mishahara mikubwa. Wapo waliosikia hata kwamba kodi itaondoka pamoja na Mbelgiji aliyekuja nayo. Nchi iliyotawaliwa kwa kiboko kwa miaka 75 haikuwa na mazoea ya kupima maneno ya mgombea. Iliyapokea kama yalivyotolewa.

Kila uchaguzi unapokaribia, habari ya ahadi za wanasiasa huzungumzwa sana katika kambi zetu na katika vituo vya polisi, na hukumu yake hutolewa upesi: wote ni wamoja, husema ili wapewe, na wakisha kupewa husahau. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Leo tunataka kuyaangalia maisha ya mtu mmoja aliyeomba kura katika uchaguzi ule wa Kongo, akazipata, akaongoza serikali ya nchi huru kwa siku 67 tu, kisha akauawa. Tumemchagua yeye kwa sababu katika habari zake askari na polisi hawakuwa watazamaji. Walikuwa mle mle ndani, tangu wiki ya kwanza ya uhuru mpaka usiku wake wa mwisho.

Patrice Émery Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, katika nchi ya Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Batetela. Jina la kabila hilo lilijulikana sana katika historia ya jeshi la Kongo, kwani mwaka 1895 askari wa Kitetela waliasi katika ngome ya Luluabourg, wakamwua mkuu wao, na ilipita miaka kadhaa kabla ya maasi ya namna hiyo kuzimwa kabisa. Hatusemi kwamba mtoto wa Onalua alizaliwa na uasi damuni mwake. Alisoma katika shule za wamisionari, za Kiprotestanti na za Kikatoliki, na masomo yake yakaishia mahali ambapo masomo ya Mkongo wa zama hizo yaliishia, yaani palepale panapotosha kumfanya mtu karani.

Katika miaka ya arobaini alihamia Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, akawa karani wa posta. Mji huo ulizungumza Kiswahili, na Lumumba alikijua Kiswahili pamoja na Kitetela, Kilingala na Kifaransa. Alisoma vitabu usiku, akaandika makala katika magazeti, akaongoza vyama vya wale Waafrika ambao serikali ya Kibelgiji iliwahesabu kuwa wamestaarabika. Wakati huo hakuwa mpinzani wa ukoloni. Alitaka Wabelgiji waitimize ahadi waliyoitoa wao wenyewe, kwamba Mwafrika atakayesoma na kuishi kama wao atatendewa kama wao.

Mwaka 1956 alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, zaidi ya faranga 100,000, kidogo kidogo kwa muda mrefu. Alihukumiwa, akakaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja. Waandishi wengi wanaompenda hulipita jambo hili kimya kimya, nasi hatuoni sababu ya kufanya hivyo. Yeye mwenyewe alijitetea kwamba mshahara wa karani Mwafrika haukulingana na maisha ambayo serikali ilimtaka ayaishi. Huenda ilikuwa kweli, lakini amana ni amana. Mtu huyo aliyeteleza katika amana ya posta ndiye ambaye miaka minne baadaye alikabidhiwa amana ya kura, na wala hapana mtu aliyepata kumshitaki kwamba aliitumia hii ya pili kununulia nyumba au kujaza mfuko wake.

Alipotoka gerezani mwaka 1957 alikwenda Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, akaajiriwa na kiwanda cha bia kuwa mtu wa kutangaza na kuuza. Kazi hiyo ilimfikisha katika kila mtaa, nayo ikamfunza namna ya kusema na umati. Mwezi Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha chama cha Mouvement National Congolais, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake, MNC. Mwezi Desemba alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika nzima huko Accra, chini ya uenyekiti wa Tom Mboya wa Kenya, akaonana na Kwame Nkrumah. Aliyerudi kutoka Accra hakuwa tena mtu wa kuomba kutendewa kama Mbelgiji.

Yatupasa kuieleza vizuri ahadi ya chama hicho, maana ndiyo itakayokuwa mizani yetu. Vyama vingine vikubwa vilikuwa vya kabila au vya jimbo. ABAKO ilikuwa ya Wabakongo, chini ya Joseph Kasavubu; CONAKAT ilikuwa ya Katanga, chini ya Moïse Tshombe; na hata MNC yenyewe ilipasuka mwaka 1959, Albert Kalonji akaondoka na tawi lake lililotegemea Wabaluba wa Kasai. Lumumba aliyebaki aliwaahidi wapigaji kura mambo mawili makubwa: uhuru ulio kamili, na Kongo moja isiyogawanyika. Katika mikutano yake alisema pia habari za kazi na shule kama wenzake, lakini hayo mawili ndiyo yaliyomtenga na wenzake.

Mwishoni mwa Oktoba 1959, baada ya mkutano wa chama chake Stanleyville, zilizuka ghasia na watu wapatao 30 walikufa. Lumumba alikamatwa, na Januari 1960 akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Wakati huo huo viongozi wa Kongo walikuwa wameitwa Brussels kujadiliana na serikali ya Ubelgiji, nao wakakataa kuendelea bila yeye. Basi mfungwa alitolewa gerezani, akapandishwa ndege, akaingia mkutanoni mikono yake ikiwa bado na alama za pingu. Tarehe ya uhuru ilikubaliwa hapo: miezi mitano tu ilibaki. Hakuna nchi yenye ukubwa ule iliyopata kuandaliwa kwa muda mfupi kama huo.

Katika uchaguzi wa Mei chama cha Lumumba kilipata viti zaidi ya 30 kati ya viti 137 vya Baraza la Wawakilishi. Hakuna chama kilichopata viti vingi zaidi, lakini havikufika hata theluthi moja. Ilimbidi atafute washirika, na kila mshirika alikuja na madai yake. Kasavubu akawa Rais, Lumumba akawa Waziri Mkuu, na tarehe 24 Juni Baraza likampitisha kwa kura 74. Hapo kuna jambo ambalo mpigaji kura aghalabu halioni. Mtu aliyemchagua Lumumba alidhani amepata serikali ya Lumumba. Kumbe alipata serikali ya vyama vingi, imejaa mawaziri walioahidi mambo yasiyopatana. Sehemu ya ahadi hufia hapo, kabla ya kazi kuanza, wala si kwa uwongo wa mtu.

Sasa tuje kwa askari.

Jeshi la Kongo liliitwa Force Publique. Lilikuwa na watu wapatao 25,000, na lilifanya kazi ya jeshi na ya polisi kwa pamoja. Hawa hawakuwa askari wa kudharauliwa. Mwaka 1916 waliiteka Tabora kutoka mikononi mwa Wajerumani, na mwaka 1941 waliwashinda Waitalia katika milima ya Ethiopia, huko Asosa, Gambela na Saio. Pamoja na hayo yote, siku ya uhuru hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye kamisheni. Kuanzia luteni mpaka Jenerali Émile Janssens, mkuu wa jeshi, maofisa wote walikuwa Wabelgiji. Mkongo aliyetumika kwa utii maisha yake yote aliweza kutumaini kuwa sajini meja, na wachache sana ndio waliopandishwa hatua moja juu ya hapo katika siku za mwisho.

Katika ahadi zote zilizojaa hewani mwaka ule, askari aliangalia yake akaikosa. Tena Lumumba alikuwa amesema waziwazi kabla ya uhuru kwamba haiwezekani kumfanya askari wa kawaida kuwa jenerali kwa sababu tu nchi imejitawala. Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti hatuwezi kulikana neno hilo. Ofisa hapikwi kama ugali, anahitaji miaka. Lakini mtu anayesema kwamba leo haiwezekani anadaiwa kusema itawezekana lini, na kwa njia gani: ni kuruta wangapi watakaopelekwa chuoni mwaka huu, ni sajini wangapi watakaojaribiwa cheo cha luteni mwaka ujao. Hilo halikusemwa. Lumumba alimwachia Janssens jeshi kama lilivyokuwa, kwa kuwa alimhitaji kulinda utulivu, na askari wakaelewa kwamba uhuru umepita nje ya uzio wa kambi.

Zaidi ya hayo, walikuwa na macho. Makarani wa jana waliwaona wakishuka katika magari ya serikali. Bunge jipya, katika siku zake za mwanzo kabisa, lilijipangia mshahara wa faranga 500,000 kwa mwaka kwa kila mbunge, mahali ambapo zilikuwa zimependekezwa 100,000. Watumishi wa serikali nao wakapewa nyongeza, isipokuwa askari wa Force Publique. Hao ndio waliosimama juani siku nyingi mfululizo kulinda sherehe. Ikiwa kuna mtu anayetaka kujua ni ahadi ipi ambayo wabunge wa Kongo waliitimiza upesi kuliko zote, ni hiyo waliyojipa wenyewe.

Tarehe 5 Julai, siku ya sita ya uhuru, Jenerali Janssens aliwakusanya askari katika kambi ya Léopold II, mjini Léopoldville. Alikwenda ubaoni, akaandika kwamba hali ya kabla ya uhuru na hali ya baada ya uhuru ni sawasawa. Alidhani anaimarisha nidhamu. Kabla ya usiku kuingia kambi ilikuwa imechafuka, na askari wa kambi ya Hardy huko Thysville, walioitwa kuja kuituliza, wakakataa amri na kuwakamata maofisa wao. Maasi yakaenea katika Kongo ya Chini, kisha katika majimbo mengine. Wazungu walipigwa, wanawake walinajisiwa, watu waliuawa. Yaliyotendwa siku zile na watu waliovaa sare ni aibu, na ubao wa Janssens hauyafuti.

Lumumba alikwenda kambini mwenyewe kusema na askari. Kwanza aliwapandisha wote cheo kwa hatua moja, likawa jeshi la ajabu lisilokuwa na mtu wa daraja la chini kabisa. Hilo halikutosha. Janssens akaondolewa, na tarehe 8 Julai serikali ikaamua kwamba maofisa wote watakuwa Wakongo. Victor Lundula, aliyetumika katika jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na ambaye siku hizo alikuwa kiongozi wa manispaa huko Jadotville, akafanywa jenerali na mkuu wa jeshi. Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa sajini zamani, kisha mwandishi wa habari, kisha katibu wa Lumumba, akafanywa kanali na mkuu wa utumishi. Katika kambi kadhaa askari waliachiwa kujichagulia maofisa wao. Jeshi likapewa jina jipya, Jeshi la Taifa la Kongo. Basi kwa siku nne Waziri Mkuu alilazimika kutoa kila kitu ambacho hakutaka kukiahidi, na kukitoa bila mpango, bila mafunzo, na kwa watu wenye bunduki mikononi.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Kongo peke yake. Mwezi Januari 1964, miaka mitatu na nusu baadaye, askari wa Tanganyika waliasi tarehe 20 katika kambi ya Colito, wa kwetu wakaasi tarehe 23 huko Jinja, na wa Kenya tarehe 24 huko Lanet. Sababu zilikuwa zile zile: mshahara, na maofisa wa Kizungu waliokawia kuondoka. Jinja, askari walimzuia waziri wao mwenyewe, Felix Onama, mpaka akakubali nyongeza. Nchi hizo tatu ziliwaita Waingereza kuzima moto, nao ukazimika kwa siku chache. Kongo haikupata bahati hiyo, maana Wabelgiji walirudi bila kuitwa.

Walirudi na parashuti tarehe 10 Julai kuwaokoa raia wao. Kesho yake, tarehe 11, manowari zao zilipiga bandari ya Matadi, na siku hiyo hiyo Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katanga ilikuwa na shaba, na sehemu kubwa ya mapato ya nchi ilitoka huko. Maofisa wa Kibelgiji wakaanza mara moja kumtengenezea Tshombe jeshi lake. Tarehe 8 Agosti Kalonji naye akakata kipande chake huko Kasai ya Kusini, penye almasi. Ahadi kubwa ya Lumumba, ile ya Kongo moja, ikawa imepasuka mahali pawili kabla ya miezi miwili ya uhuru kutimia.

Kwa mwanasiasa wa kawaida, huo ungekuwa wakati wa kupunguza maneno. Wapo waliomshauri hivyo: akubali shirikisho legevu, amwache Tshombe na shaba yake, abaki na cheo. Alikataa. Aliuita Umoja wa Mataifa, na majeshi yake yakaja, lakini hayakukubali kutumiwa kuivunja Katanga kwa nguvu. Alikwenda New York na Washington kuomba msaada, akarudi karibu mikono mitupu. Ndipo alipopokea ndege na malori kutoka Urusi ya Kisovieti, na tangu siku hiyo wakubwa wa Marekani wakamhesabu kuwa adui.

Kwa vyombo hivyo alipeleka askari Kasai mwishoni mwa Agosti. Walifika Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi, wakiwa na silaha lakini bila akiba ya kutosha ya chakula, na bila maofisa waliojua kazi. Mamia ya raia wa Kibaluba waliuawa, miongoni mwao watu waliokimbilia misheni. Hapa mizani yetu inatikisika. Lumumba aliwaahidi wapigaji kura nchi moja, na alikuwa akiitimiza ahadi hiyo. Lakini wale waliouawa Bakwanga nao walikuwa raia wa nchi hiyo moja. Mwenye kupeleka kikosi bila posho na bila uongozi hawezi kusema hakujua kikosi kitakula wapi. Askari mwenye njaa penye raia ni hatari ambayo kila ofisa wa ugavi huijua. Tunamheshimu Lumumba, na kwa ajili hiyo hatuoni haki kuliondoa jambo hili katika hesabu yake.

Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Waziri Mkuu. Katiba ya muda, iliyoandikwa na Wabelgiji, ilimpa Rais uwezo wa kumwondoa, lakini ilitaka pia saini ya mawaziri, na wawili walipatikana. Lumumba akatangaza naye kwamba Kasavubu ameondolewa. Bunge, lile lile lililojipangia mshahara mnono, likakutana na kuzikataa hatua zote mbili, kisha likampa Lumumba kura yake ya imani. Kwa hiyo wale waliochaguliwa na wananchi walikuwa bado pamoja naye. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akakata shauri kwa njia nyingine: alitangaza kwamba jeshi linawaweka kando wanasiasa wote mpaka tarehe 31 Desemba 1960. Nayo ilikuwa ahadi, ingawa ya mtu ambaye hakupigiwa kura. Mwaka 1965 alitwaa madaraka yote akasema atahitaji miaka mitano, na alipoondoka, mwaka 1997, ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini. Tunaitaja kwa sababu katika mabaraza ya askari hulaumiwa mwanasiasa peke yake.

Tukiuliza basi, mpaka hapo, Lumumba alikuwa amewatimizia nini waliomchagua, jibu ni fupi. Shule na hospitali za bure hazikujengwa, na kazi zilipungua badala ya kuongezeka, maana Wabelgiji waliokimbia waliacha ofisi na viwanda bila wataalamu. Kwa siku 67 hapana serikali duniani ambayo ingeweza zaidi, na wote walioahidi mambo hayo, yeye akiwa mmojawapo, walipaswa kulijua hilo mwezi wa Mei. Ahadi ya nchi moja ndiyo aliyoishika. Hakuiuza ili abaki madarakani, wala hakuiuza baadaye ili abaki hai.

Kuanzia Oktoba alizuiwa nyumbani kwake Léopoldville. Askari wa Umoja wa Mataifa walimlinda kwa ndani, na askari wa Mobutu waliwazunguka kwa nje. Usiku wa tarehe 27 Novemba, mvua kubwa ikinyesha, alitoroka kwa gari, akielekea Stanleyville ambako wafuasi wake walikuwa wengi. Angeweza kufika. Lakini habari zilimtangulia, na njiani watu wakamzuia wapate kumwona na kumsikia, naye hakuweza kuwapita. Alishuka, akasema nao, akaendelea, akazuiwa tena. Saa alizowapa wapigaji kura wake ndizo saa ambazo waliomfukuza walizihitaji. Alikamatwa karibu na mto Sankuru, katika nchi ya kwao, mke wake Pauline na mtoto wao mdogo wakiwapo.

Alipelekwa Thysville, akafungwa katika kambi ya Hardy. Ni ile kambi iliyokataa amri mwezi Julai. Katikati ya Januari 1961 askari wa hapo waliasi tena, mara hii kwa kudai mishahara, na wengine wakaanza kusema kwamba mfungwa afunguliwe. Kasavubu na Mobutu waliruka upesi kwenda kuwatuliza. Walipokwisha kuwatuliza, waliona kwamba Lumumba hafai kukaa tena mahali ambapo askari wasiolipwa wangeweza kumfungulia mlango. Ghasia za mshahara, ambazo zilimharibia serikali yake mwezi wa Julai, ndizo zilizoharakisha kifo chake mwezi wa Januari.

Tarehe 17 Januari alipakiwa katika ndege pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana, na Joseph Okito, aliyekuwa makamu wa spika wa Seneti. Walipigwa njia nzima. Ndege ilishuka Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na watu hao watatu wakatiwa mikononi mwa maadui zao. Usiku huo huo walipelekwa porini, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Waliofyatua walikuwa askari na polisi wa Katanga. Aliyewaongoza alikuwa ofisa wa jeshi wa Kibelgiji, Kapteni Julien Gat, na ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Frans Verscheure, alikuwapo akiwasukuma wafungwa mbele. Tshombe na mawaziri wake walisimama wakitazama. Lumumba alikuwa na umri wa miaka 35.

Baada ya siku chache ofisa mwingine wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, alitumwa kuwafukua, kuwakatakata na kuwayeyusha kwa asidi, ili pasibaki kaburi. Mwezi Februari serikali ya Katanga iliutangazia ulimwengu kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Ripoti za polisi zilizoandikwa kwa uwongo zina maisha marefu. Hii iliishi kwa miaka mingi katika midomo ya wakubwa, ingawa ni wachache walioiamini. Mwaka 2001 kamati ya Bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba nchi hiyo ilikuwa na lawama ya kimaadili katika kifo hicho, na mwaka 2002 serikali yake ikaomba radhi.

Soete alikuwa amejiwekea jino la marehemu. Vyombo vya sheria vya Ubelgiji vililichukua mwaka 2016, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa watoto wa Lumumba huko Brussels, likatiwa katika jeneza na kurudishwa Kongo. Jeneza hilo lilizungushwa nchini kwa siku kadhaa. Lilipelekwa Onalua alikozaliwa, kisha Kisangani mji wa wapigaji kura wake, kisha Shilatembo, pale porini penye miti na risasi. Likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, na njia yote lilisafiri katika nchi moja, kwani Katanga ilirudi Kongo mwaka 1963 na mipaka ile aliyowaahidi watu mwaka 1960 iko palepale.